Haki ya Kujibiwa: Familia, Serikali na Ndugu Aliye Gerezani Ugenini



Swali la mhadhara huu ni hili: ndugu yako akikamatwa katika nchi ya mbali, nawe ukaenda wizarani kuomba serikali imsaidie, serikali hiyo unaidai nini? Ofisini jibu lililozoeleka ni kwamba huidai kitu. Itasaidia ikipenda, kadiri ya uwezo wake. Mitaani jibu ni kinyume kabisa: serikali imrudishe mtu wetu nyumbani, la sivyo imetutupa. Nadai kwamba majibu yote mawili yamekosea, na kwamba kosa la pili limezaliwa na la kwanza. Serikali haiwezi kuahidi kumtoa mtu katika gereza la dola nyingine, na anayeiahidi familia jambo hilo anaidanganya. Lakini serikali inawajibika kujibu: kuthibitisha mtu yuko wapi na ameshtakiwa nini, kueleza hatua ilizochukua, na ikiamua kutochukua hatua, itoe sababu kwa maandishi. Ni haki ndogo ukiilinganisha na kilio cha familia. Hata hivyo nitajaribu kuonyesha kwamba misaada mingine yote huanzia hapo.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu kazi za maafisa wa konsuli kinaitaka nchi inayomkamata mgeni imwarifu bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake. Akitaka, ubalozi ujulishwe. Na maafisa wake wana haki ya kumtembelea, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Mwaka 2001, katika kesi ya ndugu wawili Wajerumani, akina LaGrand, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba haki hizo si za dola peke yake; ni za mtu aliyekamatwa pia. Mwaka 2004, Mexico iliposhtaki kwa niaba ya raia wake waliohukumiwa kifo Marekani, mahakama iliona kuwa 51 kati yao hawakuarifiwa ipasavyo, ikaamuru hukumu zao ziangaliwe upya. Ndiyo mafanikio makubwa ya sheria hii. Lakini kisome tena kifungu hicho chote na utaona kuna watu wasiotajwa hata mara moja: mama, mke, mume, watoto. Kuna dola inayokamata, kuna dola inayotuma, na kuna mfungwa. Familia haimo. Kanuni za Mandela zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 zinampa mfungwa haki ya kuijulisha familia yake, lakini haki hiyo nayo ni ya mfungwa. Familia yenyewe imebaki na mlango mmoja tu wa kubisha, na mlango huo ni wa serikali yake.

Kwa nini mlango huo ufunguliwe mapema? Kwa sababu mengi huamuliwa siku za mwanzo. Mtu anahojiwa kwa lugha asiyoijua, anawekewa karatasi ya kutia sahihi, anapewa au ananyimwa mkalimani. Aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani chini ya mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, mara nyingi pasipoti yake anayo mwajiri, na akitoroka manyanyaso, mwajiri huyohuyo anaweza kumripoti kuwa ametoroka kazini, akakamatwa yeye aliyedhulumiwa. Aliyebebeshwa dawa za kulevya, ambaye magazeti yetu humwita punda, hufika mahakamani peke yake, na waliomtuma wako nyumbani wakitafuta mwingine. Takriban mwaka 2013, barua za wafungwa wa Kiafrika waliokuwa magerezani Hong Kong, Watanzania wakiwemo, zilianza kusomwa hadharani kwa juhudi za padri mmoja Mkatoliki, John Wotherspoon, aliyekuwa akiwahudumia kiroho. Barua hizo ziliwasihi vijana wasikubali safari za namna hiyo. Kazi ile ilikuwa njema sana, na ndiyo maana inaumiza kufikiri kwamba habari za raia walio kifungoni ziwafikie wananchi wenzao kwa huruma ya padri.

Na tusidhani kwamba ni nchi za mbali tu zinazovunja wajibu wa kifungu cha 36. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea, aliishi tangu 1964 katika nchi iliyokuja kuitwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Novemba 1995 alikamatwa Kinshasa, na Januari 1996 akafukuzwa nchini. Guinea ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 1998. Kongo ikajitetea kwamba Diallo hakuomba ubalozi wake ujulishwe, na kwamba hata hivyo balozi wa Guinea alikuwa na habari. Mwaka 2010 mahakama ilikataa hoja zote mbili: ni kazi ya anayekamata kumwambia aliyekamatwa kwamba ana haki hiyo, na habari ambazo ubalozi umezipata kwa njia nyingine hazimwondolei wajibu wake. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kuilipa Guinea dola 95,000 kwa madhara aliyoyapata Diallo. Nchi maskini ya Afrika ilimpigania raia wake mmoja kwa zaidi ya miaka kumi, ikashinda. Anayesema kwamba ulinzi wa raia ugenini ni anasa ya mataifa tajiri aisome hukumu hiyo.

Kesi ya Diallo, hata hivyo, inahusu serikali iliyotaka kumsaidia raia wake. Isipotaka je? Hapa mahakama mbili zimetuachia fikra yenye manufaa makubwa. Mwaka 2004 Waafrika Kusini 69 walikuwa kizuizini Zimbabwe, wakituhumiwa kuwa mamluki waliokuwa njiani kuipindua serikali ya Guinea ya Ikweta. Waliogopa kupelekwa Malabo na kuhukumiwa kifo, wakaiomba Mahakama ya Katiba iilazimishe serikali yao iwatetee. Mahakama ilikataa, katika hukumu inayojulikana kama Kaunda dhidi ya Rais wa Afrika Kusini: hakuna haki ya kikatiba ya kulindwa kidiplomasia. Lakini iliongeza kwamba raia ana haki ya kuomba, na serikali ina wajibu wa kulipima ombi lake kwa haki na kwa akili. Ikilipuuza, mahakama inaweza kuingilia. Miaka miwili kabla, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikuwa imefikia karibu hapohapo katika kesi ya Feroz Abbasi, Mwingereza mzaliwa wa Uganda aliyekuwa kizuizini Guantánamo. Waliofika mahakamani walitoka na kidogo kuliko walivyotaka. Kidogo hicho ndicho msingi wa hoja yangu. Serikali haiwezi kusema imelipima ombi kama haikulijibu, na jibu lisilo na sababu halimwonyeshi yeyote kwamba lilipimwa.

Nitaulizwa: jibu linamfaa nini mtu aliye nyuma ya nondo? Linafaa, kwa sababu serikali inayojua kwamba italazimika kujibu hulazimika kwanza kutafuta. Tazama Ufilipino. Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani wa Kifilipino aliyehukumiwa kwa mauaji. Hasira ya wananchi, walioamini kwamba serikali yao haikumpigania vya kutosha, ilimfanya waziri wa mambo ya nje ajiuzulu, na kufikia Juni mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya wafanyakazi walio nje. Sheria hiyo iliweka afisa maalumu wa msaada wa kisheria na mfuko wa kuwalipia mawakili, ulioanza na peso milioni 100. Matunda yake hayakuja mara moja, wala hayakumfikia kila mtu. Lakini mfikirie Mary Jane Veloso, aliyekamatwa Yogyakarta mwaka 2010 na heroini kwenye sanduku, akahukumiwa kifo. Aprili 2015, saa chache kabla ya kupigwa risasi, utekelezaji uliahirishwa kwa sababu mwanamke aliyetuhumiwa kumsafirisha alikuwa amejisalimisha Ufilipino, na serikali ikaomba Veloso abaki hai awe shahidi. Desemba 2024 alirudishwa nchini kwao. Aliyemtafutia safari alijulikana kijijini kwao. Mahakama ya Indonesia isingemfikia. Kwa hiyo familia inayokuja wizarani inakuja pia na ushahidi: jina la wakala, namba za simu, siku ya safari, nani alilipa tiketi. Wizara inayoifukuza familia inaufukuza ushahidi huo pamoja nayo.

Mfano mwingine uko kwetu, ingawa mara hii sisi ndio tulioshika funguo. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia wanaokwenda Afrika Kusini kutafuta maisha wamekuwa wakikamatwa Tanzania na kufungwa kwa kosa la kuingia nchini bila kibali. Januari 2021, Rais Sahle-Work Zewde alipomtembelea Rais Magufuli Chato, ilitangazwa kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani wangesamehewa na kurudishwa kwao. Serikali moja ilizungumza na nyingine, na watu wote hao wakapata njia ya kurudi. Ni jambo la kushukuru, na pia ni jambo la kujiuliza. Sisi tunaolalamikia magereza ya wengine, je, kila mmoja wao aliambiwa siku ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba ana ubalozi?

Pingamizi la kwanza ni la kimaadili. Watu hawa wengi ni wahalifu, wanasema, na kodi ya mwananchi mwema isitumike kwa muuza unga. Nalielewa pingamizi hili, kwa sababu unga umeharibu nyumba nyingi za pwani yetu. Lakini kifungu cha 36 kinaanza kufanya kazi siku ya kukamatwa, ambapo hakuna ajuaye nani ana hatia. Hata baada ya hukumu hoja ni ileile. Akina LaGrand hawakuwa watu wasio na kosa: walimuua meneja wa benki huko Arizona. Ujerumani haikudai waachiwe. Ilidai kwamba walinyimwa haki iliyopaswa kutangulia hukumu. Dola inayomwacha raia wake kwa kuwa amekosa imekubali kwamba uraia ni zawadi ya wenye tabia njema, na hakuna katiba ya eneo letu isemayo hivyo.

La pili husemwa na wanadiplomasia, nalo ni zito zaidi: mambo haya hufanywa kimyakimya, na kelele za familia huharibu mazungumzo. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuwanyamazia waandishi wa habari na kuinyamazia familia ni mambo mawili tofauti. Katika kesi ya Nazanin Zaghari-Ratcliffe, raia wa Uingereza aliyeshikiliwa Iran kuanzia 2016 hadi 2022, familia ilishauriwa mwanzoni inyamaze, ikakataa. Kauli iliyomdhuru zaidi haikutoka kwa mumewe. Ilitoka kwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliyeiambia kamati ya Bunge Novemba 2017 kwamba mwanamke huyo alikuwa akiwafundisha watu uandishi wa habari, jambo ambalo familia na mwajiri wake walijua si kweli. Na Iran ikaitumia kauli hiyo. Faili la wizara ambalo familia imeruhusiwa kulisahihisha ni kinga hata kwa waziri dhidi ya kosa kama hilo.

Kuhusu gharama sitakaa sana. Hakuna ubalozi kila mji, lakini Mkataba wa Vienna wenyewe unaruhusu nchi moja kufanya kazi za konsuli kwa niaba ya nyingine, na sijaona sababu kwa nini nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisigawane kazi ya kutembelea magereza. Suala gumu ni la fedha zinazodaiwa ili mtu aachiwe. Mkenya mmoja aliyehukumiwa kifo Saudi Arabia kwa kumuua mfanyakazi mwenzake alikuwa auawe Mei 2024. Serikali yake iliomba muda, ukapatikana. Diya, yaani fidia ya damu, ya riyali milioni 3.5 hatimaye ililipwa kwa msaada wa Muslim World League, naye akaachiwa Julai 2025. Je, hazina ya taifa ilipe diya? Nadhani isiwe na wajibu huo, maana kiasi kinaweza kupanda kila inapojulikana kwamba mlipaji ni serikali. Lakini familia inayofanya mchango inahitaji kujua kutoka chanzo rasmi kiasi ni kipi, mwisho ni lini na fedha zipitie wapi, la sivyo matapeli watakuwa wa kwanza kuijibu.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine yote: huenda mfungwa mwenyewe hataki familia ijue. Anaona aibu, au kuna mtu nyumbani anayemwogopa. Mkataba wa Vienna unaheshimu hiari yake, nasi lazima tuiheshimu. Kwa hiyo afisa wa ubalozi amuulize katika ziara ya kwanza ni nani aambiwe na nini, aandike. Na anayesaini mkataba wa kazi za nje ataje mtu wake kabla hajapanda ndege. Asipotaka yaelezwe mengi, familia iambiwe kwamba ameonwa na kwamba sheria inazuia zaidi ya hapo, ikiwa hata hilo ameliruhusu.

Sheria ya kuanzia tunayo. Nchini Kenya, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya saa 48 ombi linalohusu uhai au uhuru wa mtu, na ile ya hatua za kiutawala za haki ya 2015 inampa aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sioni ni kwa vipi kufungwa ugenini kusiwe suala la uhuru wa mtu. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka huohuo 2016, yenye ukomo wa siku 30. Siku 30 zinatosha kwa anayeulizia kiwanja. Kwa aliye mikononi mwa wapelelezi ni nyingi mno, na kifungu cha saa 48 kinaweza kuongezwa kwa marekebisho mafupi yasiyohitaji kugusa Katiba. Hadi marekebisho hayo yaje, mawakili wa Nairobi na Mombasa wanaweza kukijaribu kifungu walicho nacho: familia iandike ombi, itaje jina, nchi na tarehe ya kukamatwa, ipokee muhuri wa siku ombi lilipofika, na saa zikipita bila jibu, suala lipelekwe kwenye Tume ya Haki ya Utawala, kisha mahakamani.