Ufizi wa Kijana na Moshi wa Tumbaku

Ndugu wakazi wa Rugaaga na Nakivale,

Jino la kijana halipaswi kulegea. Likilegea pasipo kupigwa, aghalabu ugonjwa wa ufizi umekwisha kuula mfupa wa taya unaolishikilia, na mfupa huo haurudi wenyewe. Chanzo ni utando wa vijidudu usiosuguliwa. Kisukari na asili ya ukoo huzidisha hatari.

Tumbaku ina hila zaidi. Hupunguza damu katika ufizi, hata mvutaji apigapo mswaki asione dalili, akajidhania mzima huku mfupa ukiliwa.

Hapo ndipo sisi polisi tunapohusika. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 yakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 21, na shisha imepigwa marufuku kabisa. Wenye maduka, tunawasihi mwitii. Wazazi, msimtume mtoto sigara.

Nanyi vijana, mwonapo ufizi umevimba au umeachana na jino, nendeni kituo cha afya mapema, kabla ya kulazimika kufika hospitali ya rufaa ya Mbarara. Mkiulizwa kama mnavuta, semeni kweli: jibu hilo ni la tiba, si la kituo cha polisi.