Somo la Redio: Maji ya Dripu na Mtoto Mahututi

Somo la leo ni la afya, lakini pia ni la hesabu na la kusoma. Habari yenyewe ni hii. Tangu mwaka 2009 mpaka mwaka 2011, madaktari katika Kenya, Uganda na Tanzania waliuliza swali moja juu ya watoto walio wagonjwa mahututi. Jibu walilolipata liliwashangaza madaktari wa dunia nzima. Sikilizeni polepole. Penye neno gumu nitasimama na kulieleza.

Kwanza, nani mgonjwa mahututi? Ni mgonjwa ambaye maisha yake yamo hatarini sasa hivi, wala si kesho. Mtoto wa namna hii hawezi kungoja zamu yake katika mstari. Yafaa atazamwe mara moja, na baada ya kutibiwa atazamwe tena na tena, mchana na usiku: pumzi yake, moyo wake, joto lake, na kama anatambua watu.

Utunzaji huu wa karibu ulianzaje? Katika mwaka 1952, mji wa Copenhagen katika nchi ya Denmark ulipatwa na ugonjwa wa polio. Watu wengi, na hasa watoto, walipooza hata wasiweze kuvuta pumzi. Mashine za kuwasaidia kupumua zilikuwa chache sana. Daktari mmoja, Bjørn Ibsen, alishauri wapitishiwe mpira kooni, kisha hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko unaobinywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari waliitwa kwa mamia, wakapokezana zamu vitandani, usiku na mchana, wakibinya mifuko ile. Wagonjwa wengi ambao wangalikufa wakapona. Katika mwaka 1955, mji wa Göteborg katika nchi ya Sweden ulifungua wadi ya namna hiyo kwa ajili ya watoto peke yao. Twaona basi kwamba mwanzo wa kazi hii haukuwa mashine kubwa. Mwanzo wake ulikuwa mtu kukaa karibu na mgonjwa wala asimwache.

Sasa turudi kwetu Afrika ya Mashariki. Mtoto anaweza kufikishwa hospitali akiwa na homa kali, labda kwa malaria, labda kwa vijidudu vilivyoingia katika damu. Mikono na miguu yake ni ya baridi, ingawa tumbo lake lawaka moto. Mapigo ya moyo ni ya haraka na dhaifu. Daktari akibonyeza ukucha wa mtoto kisha akauachia, wekundu unachelewa kurudi. Dalili hizi zaonyesha kwamba damu haizunguki vizuri mwilini.

Madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa na desturi yao kwa mtoto kama huyo. Walimpa maji mengi kwa dripu, tena kwa kasi, katika saa ya kwanza. Dripu, kama mjuavyo, ni maji yenye chumvi kidogo yanayopitishwa katika mshipa wa damu. Walifikiri hivi: ikiwa damu haizunguki vizuri, tuongeze maji katika mishipa, nayo itasukumwa vizuri. Fikira hii yaonekana ni ya akili. Lakini ilikuwa haijapimwa vyema kwa hesabu. Katika hospitali nyingi za Afrika jambo hili lilikuwa halifanywi sana, na wengi waliona kwamba huo ni upungufu wetu. Walisema kwamba tukipata vifaa, yafaa nasi tufanye vivyo hivyo.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Je, ni kweli kwamba maji ya kasi yanaokoa watoto hawa?

Uchunguzi ulifanywa katika hospitali 6. Moja ni ya Kilifi, katika pwani ya Kenya. Moja ni ya Teule, Muheza, katika Tanzania. Na 4 ni za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Mkuu wa uchunguzi alikuwa daktari wa watoto, Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Kabla ya kuanza, wauguzi na madaktari wa hospitali hizo walifundishwa namna ya kumtambua upesi mtoto aliye hatarini na namna ya kumhudumia.

Watoto waligawanywa katika makundi 3. Kundi la kwanza walipewa maji ya chumvi kwa kasi. Kundi la pili walipewa kwa kasi maji yenye albumini, yaani protini ipatikanayo katika damu ya binadamu. Kundi la tatu hawakupewa maji ya kasi. Walipewa maji ya polepole tu, kiasi cha kumtosha mtoto asiyeweza kunywa. Lakini angalieni sana: watoto wote, wa kila kundi, walipata matibabu mengine waliyoyahitaji: dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, oksijeni, sukari, na damu kwa mtoto aliyepungukiwa damu.

Mtaniuliza, nani aliyechagua mtoto huyu aingie kundi gani? Hakuchagua daktari, wala hakuchagua mzazi. Ilikuwa kura. Bahasha zilizofungwa zilipangwa kwa namba, na ya mbele ndiyo iliyofunguliwa. Kwa nini kura? Kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, pengine atawapa maji wale walio taabani zaidi na kuwaacha walio na nafuu. Mwisho wake hatutajua kama waliokufa walikufa kwa maji au kwa ukali wa ugonjwa. Kura hulinganisha makundi, kama mizani ya haki sokoni.

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu.

Kundi la maji ya chumvi kwa kasi lilikuwa na watoto 1,047. Katika saa 48 walikufa 110.
Kundi la albumini lilikuwa na watoto 1,050. Katika saa 48 walikufa 111.
Kundi lisilopewa maji ya kasi lilikuwa na watoto 1,044. Katika saa 48 walikufa 76.

Jumlisheni watoto wote. Mtapata 3,141. Makundi yanakaribiana sana kwa ukubwa, kwa hiyo twaweza kuyalinganisha bila taabu. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya kasi, walikufa 10 au 11. Katika kila watoto 100 ambao hawakupewa, walikufa 7. Tofauti ni watoto 3 na zaidi kidogo katika kila 100. Huenda mtu akasema 3 ni wachache. Basi fikirini watoto 1,000. Hapo tofauti ni watoto 33. Hao ni darasa zima la shule.

Maji yaliyodhaniwa kuwa yanaokoa, kumbe kwa watoto hawa yaliongeza vifo.

Jambo hili lilijulikanaje kabla ya kazi kumalizika? Palikuwa na kamati ya watu wengine, ambao hawakuwa wakiwatibu watoto hao. Kazi yao ilikuwa kutazama hesabu mara kwa mara. Ilikusudiwa kuandikisha watoto 3,600. Lakini katika Januari 2011 kamati ilipoona namna vifo vilivyokuwa, ilishauri uandikishaji usimamishwe, nao ukasimamishwa. Katika mwaka huo huo habari yote ilichapishwa, nzuri na mbaya, ili kila daktari aisome.

Kwa nini maji yalidhuru? Kwanza wengi walidhani kwamba maji yalijaa mapafuni au katika ubongo. Lakini mwaka 2013 wachunguzi walitoa habari ya uchambuzi wao wa vifo vile, wakaona kwamba vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Kwa maneno mengine, mwili wa mtoto mgonjwa sana si kama pipa tupu lingojalo kujazwa.

Katika mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko mbaya wa damu, lakini hana dalili zote, asipewe maji ya kasi. Apewe maji ya kawaida ya polepole. Hata mwenye dalili zote apewe kwa kipimo na kwa uangalifu.

Ndugu zangu, hapa nawaomba msikilize kwa masikio mawili, maana neno likisikiwa nusu hudhuru. Uchunguzi huu haukuwahusu watoto wanaoharisha na kutapika mpaka wakakaukiwa na maji. Hao hawakuingizwa. Mtoto anayeharisha amepoteza maji, na hana budi kurudishiwa. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, mpe mara kwa mara, na endelea kumnyonyesha. Wala mama asiende hospitali akakataa kila dripu kwa sababu ya somo hili. Dripu ya polepole, dripu ya dawa na dripu ya damu zina kazi zao. Kilichopimwa ni maji mengi ya kasi kwa mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri.

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Je, ilikuwa haki kuwaingiza watoto katika uchunguzi? Wapo wazazi waliopoteza watoto katika kila kundi, na hakuna hesabu iwezayo kuwafuta machozi. Swali hili ni halali kuulizwa. Lakini tufikiri pia upande wa pili. Kama swali lisingaliulizwa, desturi ile ingalienea katika hospitali zetu zote. Watoto wangalikufa zaidi, na kila mmoja tungalisema kwamba ameuawa na homa. Asingalijua mtu. Mazoea yasiyopimwa nayo ni majaribio, ila hayana daftari, hayana kamati, na hayaombi ruhusa kwa mzazi.

Na neno hilo, ruhusa, ndilo linalowahusu ninyi wanafunzi wa kisomo. Katika uchunguzi huu wazazi waliombwa ruhusa kwa maandishi. Mtoto alipokuwa taabani na dakika hazitoshi, mzazi aliombwa ruhusa kwa mdomo, na karatasi ikaletwa baadaye, hali ilipotulia. Huenda siku moja nawe ukaletewa karatasi kama hiyo. Usitie sahihi kwa hofu, wala usikatae kwa hofu. Isome. Ukishindwa neno, mwambie muuguzi, “Mama, nisomee hapa tena.” Kisha uliza maswali manne: Mnataka kujua nini? Mtoto wangu atafanyiwa nini? Kuna hatari gani? Na nikikataa, je, atatibiwa vile vile? Jibu la swali la nne lazima liwe ndiyo. Tena una haki ya kumtoa mtoto hata kama umekwisha kukubali. Kuuliza si ujinga, na daktari mwema hatachukia.

Mwisho, kumbukeni kwamba hata hospitali iliyo bora haiwezi kumsaidia mtoto asiyefikishwa. Mpelekeni mara moja mkiona moja ya dalili hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au haamki, anapumua kwa shida. Msingoje kupambazuke. Mkifika, msikae kimya katika mstari. Mwonyesheni muuguzi na kumwambia wazi dalili mliyoiona na saa ilipoanza.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo leo. Sasa mwalimu wenu ataongoza mazungumzo. Kwaherini, na afya njema kwenu na kwa watoto wenu.

MANENO YA SOMO
Mahututi: aliye mgonjwa sana, karibu na kufa.
Mzunguko wa damu: mwendo wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini na kurudi.
Kura: kuchagua bila kupendelea.
Ruhusa: kibali anachotoa mtu kwa hiari yake.
Mazoea: jambo lifanywalo kila siku, hata likawa halifikiriwi tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini watoto waligawanywa kwa kura, wala daktari hakuchagua?
2. Katika watoto 1,000, tofauti ya vifo ilikuwa watoto 33. Je, katika watoto 3,000 ingekuwa wangapi?
3. Mama mmoja asema, “Mtoto wangu anaharisha, lakini sitampa maji, nimesikia katika redio kwamba yanaua.” Mtamjibu nini?
4. Kila mmoja aandike katika daftari lake maswali manne ya kumwuliza daktari kabla ya kutia sahihi. Kisha asome kwa sauti.