Simu ya Dharura Bila Mtu wa Kuijibu Haiokoi Mtu

Maneno yaliyotolewa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wakuu wa kata na wajumbe wa kamati za amani

 

Leo tunazungumza juu ya simu za dharura. Miji mingi duniani inaacha mitambo ya zamani na kuingia mfumo wa kidijitali. Ni vema nasi tuujue mfumo huo kabla haujafika kwenye kata zetu, ili siku ukifika tuwe na maswali ya kuuliza.

Kazi yake ni hii. Mtu anapiga namba moja fupi, bila kulipa. Simu inaingia kwenye kituo ambako watumishi wanapokezana zamu usiku na mchana. Kompyuta inaonyesha namba ya mpigaji na eneo alipo, saa inaandikwa, na habari inapelekwa mara moja kwa polisi, zimamoto au hospitali. Katika miji mingine mtu asiyeweza kusema kwa sauti anaweza kutuma ujumbe wa maandishi.

Namba moja ya dharura ilizaliwa kwa uchungu. Novemba 1935, nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole, mjini London, Uingereza, na wanawake watano wakafa. Jirani alijaribu kuita zimamoto, lakini simu yake ikangojeshwa pamoja na simu za kawaida. Akalalamika hadharani, katika gazeti. Juni 1937 mji ukaanza kutumia namba 999. Ilipopigwa, taa iliwaka na kengele ikalia mbele ya watumishi, ili simu hiyo ipokelewe kabla ya nyingine. Raia aliuliza kwa nini hakujibiwa, na wakubwa wakalazimika kutafuta jibu.

Sisi mashariki ya Kongo hatukukaa tukingoja mitambo. Vijijini tumepiga filimbi, ngoma, masufuria na kengele za kanisa. Baada ya mauaji ya LRA ya Desemba 2008 katika Haut-Uele, foni za masafa marefu ziliwekwa katika vijiji vingi, zikapeleka habari za waasi kutoka mahali hadi mahali. Katika Kivu, MONUSCO iliweka mitandao ya tahadhari: watu waliochaguliwa kijijini walipewa simu au namba za kuita kambi ya walinda amani iliyo karibu. Kwa hiyo kupiga tunajua. Shida yetu kubwa imekuwa upande wa pili wa simu.

Tukumbuke Mutarule, katika bonde la Ruzizi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wenye silaha walishambulia, wakaua raia wasiopungua 30. Wengi wao walikuwa kwenye ibada nje ya kanisa. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza na kueleza kwamba jeshi na walinda amani walikuwa umbali wa kilometa chache tu, na habari za shambulio walizipata, lakini hawakufika kulizuia. Ndugu zangu, hata kompyuta ya bei gani ingewekwa usiku ule, isingewasaidia wale waumini kama hakuna mtu aliyepewa wajibu wa kutoka na kwenda.

Tukumbuke pia Goma. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na watu hawakupata tangazo mapema. Wataalamu waliochunguza baadaye walisema dalili zilikuwa chache sana, kwa hiyo tusimtupie mtu lawama ovyo. Lakini kabla ya hapo, kituo cha kuchunguza volkeno kilikaa miezi mingi bila intaneti kwa kukosa pesa, hadi Aprili mwaka ule. Siku tano baada ya mlipuko, kata 10 kati ya 18 za mji ziliamriwa kuhama, na watu mamia ya maelfu wakashika njia ya Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda, wengi bila kujua watalala wapi. Hapo tunajifunza mambo mawili. Mtambo unaonunuliwa kwa pesa za wafadhili unahitaji pia pesa za kila mwezi. Na tangazo la kuhama lisilosema mahali pa kwenda ni nusu ya tangazo.

Tena mwaka 2024 MONUSCO ilifunga kazi zake katika Kivu ya Kusini. Mama aliyekuwa na namba ya kambi kichwani mwake sasa anamwita nani? Ndiyo maana namba ya dharura inafaa iwe ya mji na ya watu wake, isihame pamoja na shirika.

Sasa niseme juu yenu mnaokaa katika kambi na katika familia zilizowapokea, kwa sababu mifumo hii mara nyingi hupangwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba, jina la barabara na simu nzuri.

Kwanza, mahali. Simu kubwa ya kisasa inaweza kutuma mahali ilipo. Simu ndogo ya vibonyezo inaweza kuonyesha antena tu, na antena moja inaweza kuhudumia eneo la kilometa nyingi. Kambi yenye mahema maelfu itaonekana kama nukta moja. Basi kila bloki iwe na namba iliyoandikwa wazi, na kila mtoto aijue: bloki gani, karibu na bomba gani la maji, karibu na shule gani.

Pili, lugha. Anayepokea simu asikie Kiswahili, na awepo wa kusaidia anayesema Kinande, Mashi, Kihunde, Kinyarwanda, Kifuliiru au Kilendu. Mtu aliyeingiwa na hofu hurudi kwenye lugha ya mama yake.

Tatu, siri. Mfumo wa kidijitali unaandika kila simu. Hiyo ni faida, kwa maana hakuna atakayekana kwamba aliitwa. Lakini orodha ile ikianguka mikononi mwa wenye silaha, mpigaji anaweza kulipiziwa kisasi. Ulizeni: nani anaruhusiwa kuisoma? Inafutwa lini? Mji ukibadilisha mikono, inapelekwa wapi?

Nne, umeme na mtandao. Wakati wa mapigano antena hunyamaza. Kwa hiyo msitupe filimbi wala foni. Njia mpya iongezwe juu ya zile za zamani, na mara kwa mara zote zijaribiwe.

Kwenu viongozi, nawaomba kabla ya kukata utepe mjibu maswali haya mbele ya raia. Saa nane ya usiku nani anapokea? Akishapokea, nani anatoka, kwa gari gani, kwa mafuta ya nani? Asipotoka, anajieleza kwa nani? Wekeni pia wakimbizi wa ndani na wanawake katika kamati inayosimamia kituo, na kila mwezi someni hadharani idadi ya simu zilizopokelewa na zilizojibiwa kwa vitendo, bila kutaja majina ya wapigaji.

Kwenu familia, namba ya dharura si ya mzaha, wala si ya kumchongea jirani ambaye mmegombana naye. Simu moja ya uongo inaweza kumchukua askari au daktari kutoka mahali anapohitajiwa kweli. Na habari ya uongo juu ya kabila fulani inaweza kuwasha moto ambao hakuna zimamoto atakayeuzima. Semeni mlichokiona, mahali, saa na idadi. Mlichokisikia tu, semeni kwamba mmekisikia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Raia apige, mtumishi apokee, mlinzi atoke, kiongozi ajieleze. Mmoja akikosa, simu yote imekatika.