MBWA ATUSAIDIA KUIJUA SARATANI YA WAZEE

(Maelezo ya ofisa wa elimu ya watu wazima kwa wanakisomo wa Ruaha Mbuyuni)



Juma lililopita mzee mmoja wa darasa letu aliniuliza: "Mwalimu, nasikia wataalamu wanachunguza ugonjwa wa mbwa ili wamtibu binadamu. Ni kweli hayo?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Leo nalijibu swali lake.

Mwanamume ana tezi ndogo chini ya kibofu cha mkojo. Inaitwa tezi dume. Mtu akizeeka, tezi hiyo huweza kupata saratani, yaani kansa. Chembe za mwili, ndogo hata jicho halizioni, huanza kuzaana bila mpango. Zikikaa pale pale, daktari ana nafasi kubwa ya kuzishinda. Hatari ni zikisafiri. Damu ni kama barabara yetu hii ya kwenda Iringa. Chembe mbaya hupanda humo, zikashukia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga.

Kwa nini zishukie mifupani? Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alichunguza habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kuwa ugonjwa hauendi ovyo. Akasema chembe za saratani ni mbegu, na mwili ni udongo. Ninyi wakulima wa vitunguu mnalijua jambo hili. Mbegu inaweza kuanguka popote, lakini haioti juu ya mwamba. Huota penye udongo unaoifaa. Kwa saratani ya tezi dume, udongo huo mara nyingi ni mfupa.

Sasa mbwa anaingiaje hapa? Ni wanyama wachache sana wanaopata saratani hii wenyewe. Mbwa ni mmoja wao. Huipata uzeeni, nayo huweza kufika mifupani kama kwa binadamu. Basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichukua chembe za mbwa mgonjwa wakazikuza maabara. Waliziita Ace-1. Mwaka 2006 walieleza kuwa walizitia katika panya, zikaota mifupani. Pengine zilikula mfupa, pengine zilijenga mfupa mpya usio na mpango. Kwa njia hii mtaalamu anaweza kuona jinsi ugonjwa unavyohama, na kujaribu dawa kwa panya kabla ya kumpa mtu.

Lakini mbwa si mtu. Saratani ya mtu kwa kawaida hulishwa na homoni za kiume. Mbwa aliyehasiwa naye huipata. Kwa hiyo si kila dawa inayofaa kwa mmoja itamfaa mwingine. Tena, mbwa hamwambukizi mtu saratani hii. Msiwafukuze mbwa wenu!

Wazee wangu, mgongo ukiuma tunasema ni jembe. Mara nyingi ni jembe kweli. Lakini maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, hata ukipumzika, usiyanyamazie. Mkojo ukitoka kwa shida, ukiamka mara nyingi usiku kukojoa, au ukiona damu, nenda kituo cha afya. Si lazima iwe saratani. Tezi huweza kukua kwa uzee tu. Ila mganga ndiye atakayepima, na damu yako itapimwa pia. Ikibidi, utapelekwa hospitali kubwa. Huko Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, usingoje kesho.

Yule mzee ameniruhusu niwaeleze jambo moja. Baada ya darasa alinifuata, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huamka mara nne kila usiku. Kesho yake alikwenda kupimwa. Majibu bado. Lakini aibu ameishinda, na aibu ndiyo inayoipa mbegu hii muda wa kusafiri.