Ulaini wa Mdoli

Msikilizaji, chukua mdoli wa plastiki laini, umbonyeze. Ulaini ule mara nyingi hutokana na kemikali ziitwazo thaleti. Hazikushikamana na plastiki. Hutoka taratibu, na mtoto akimnyonya mdoli huzimeza.

Kwa nini tujali? Maabarani, panya waliopewa baadhi ya thaleti wakiwa na mimba walizaa madume wenye upungufu wa homoni ya kiume na korodani zenye kasoro. Kwa upande wa pili, wenye viwanda husema sisi hupata kiasi kidogo mno. Na kweli, tafiti za binadamu zinaonyesha uhusiano kati ya thaleti na athari kama hizo, bado si uthibitisho kamili.

Hata hivyo, Ulaya haikungoja: mwaka 1999 ilizuia thaleti 6 kwenye midoli ya kutiwa mdomoni. Sasa mdoli huyu wa sokoni kwetu, asiye na lebo, nani amempima?