Fimbo, Woga na Ulimi wa Mtoto
Mada kwa walimu wa elimu ya awali na madarasa ya chini



Nimeombwa nizungumzie jinsi binadamu anavyojifunza tabia na jinsi anavyopata lugha. Wanasaikolojia wamekuwa wakiyachunguza mambo haya kwa zaidi ya miaka 100, na kwa muda mrefu wengi wao waliyaona kuwa jambo moja. Mimi nasimama upande wa wanaosema ni mawili. Naamini pia kwamba kuyachanganya ndiko kunakotufanya tumwadhibu mtoto kwa kosa la sarufi, na hapo ndipo tunapomharibia.

Tuanze na tabia. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakitokwa na udenda kabla chakula hakijafika. Dalili tu kwamba kinakuja ilitosha. Mwaka 1920, huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walilipeleka wazo hilo kwa mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja, katika jaribio ambalo leo hakuna chuo kingeliruhusu. Mtoto yule hakuwa na hofu yoyote na panya mweupe. Wakawa wanamwonyesha panya huku wakigonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Haikuchukua muda, akawa analia kila akimwona panya hata pakiwa kimya, na hofu ikamfikia hadi sungura. Panya hakuwa amemfanya lolote. Naomba tumkumbuke mtoto huyo, maana nitamhitaji tena.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner akaongeza jambo ambalo kila mzazi analiona dukani: kitendo kinacholeta faida hurudiwa. Mtoto analilia pipi. Mama anakataa, anakataa tena, kisha kwa aibu ya macho ya watu anampa. Siku hiyo mtoto amejifunza kwamba kulia hulipa mradi ukazane. Skinner alionyesha kuwa tabia inayozawadiwa mara mojamoja huwa ngumu kuifuta kuliko ile inayozawadiwa kila mara. Ndiyo maana mama anayekubali siku moja kati ya tano anapata taabu kubwa kuliko anayekubali siku zote.

Lakini aliyetugusa sisi walimu zaidi ni Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1961 aliwaweka watoto wa shule ya awali wamtazame mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la kupuliza. Walipopewa nafasi ya kucheza, wengi waliyarudia mapigo yaleyale na hata maneno yaleyale, bila kufundishwa wala kuzawadiwa. Mwaka 1965 akawaonyesha watoto wengine filamu ambamo mpigaji anaadhibiwa. Hao waliiga kidogo. Kisha wakaahidiwa zawadi iwapo wataonyesha walichokiona, nao wakaonyesha mengi zaidi. Adhabu ilikuwa imezuia kitendo, ila somo lilikuwa limeshaingia. Tafsiri yangu ni kwamba mtoto anayechapwa kwa kumpiga mwenzake anaondoka na masomo mawili, na la pili ni kwamba mkubwa mwenye nguvu ana haki ya kupiga.

Sasa tuje kwenye lugha. Mwaka 1957 Skinner alichapisha kitabu *Verbal Behavior*, akidai kwamba lugha nayo hujengwa kwa njia hiyohiyo ya kutenda na kuzawadiwa. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky aliandika mapitio makali ya kitabu hicho. Hoja yake moja haijatetereka: mtoto husema mambo ambayo hajawahi kuyasikia.

Chukueni mtoto wa miaka mitatu anayemwambia bibi yake, "Nimela." Hakuna mtu mzima anayesema hivyo, kwa hiyo hakumwiga mtu. Amesikia nimecheza, nimelala, nimepika, akatenga *nime-*, akaibandika kwenye *la*. Hesabu yake ni safi kabisa. Anachobakiza kujua ni kwamba vitenzi kama *la*, *nywa* na *fa* hubaki na *ku-* katika baadhi ya nyakati. Kosa hilo ni ushahidi kwamba ana kanuni kichwani, na mimi hulifurahia kila ninapolisikia.

Mwaka 1958 Jean Berko alilithibitisha jambo hili kwa maneno ya kubuni, ili pasiwe na nafasi ya kukariri. Jaribuni darasani. Chora kifaa cha kubuni, sema: "Hiki ni kimbuge." Chora cha pili: "Sasa vipo viwili. Ni nini hivi?" Mtoto aliyeshika ngeli atakwambia *vimbuge*, neno ambalo hakuna aliyewahi kumtajia.

Je, mzazi humsahihisha? Mwaka 1970 Roger Brown na Camille Hanlon walichunguza mazungumzo ya wazazi na watoto wa Marekani, wakakuta wazazi wanakubali au kukataa kwa kuangalia ukweli wa kauli, mara chache kwa kuangalia sarufi. Hata hivyo watoto walinyooka. Bibi naye hujibu, "Umekula? Umekula na nini?" Umbo sahihi limeingia ndani ya jibu, na mazungumzo yanaendelea.

Mazungumzo yenyewe lazima yawe ya mtu na mtu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Marekani wa miezi 9 nafasi ya kusikia Kichina cha Mandarin. Waliocheza na msemaji aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti zake. Waliomwona kwenye video hawakujifunza. Wazazi wanaoacha katuni za Kiingereza zilee watoto waambiwe hili.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa mwaka 1920. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) jinsi mwanafunzi wa Kenya ya kikoloni aliyekutwa akizungumza Kigikuyu alivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni. Mahali pengine desturi hiyo ingalipo. Kama mtoto yule alivyomwogopa panya asiye na kosa, anayeadhibiwa kila anapofungua mdomo huanza kukiogopa kipindi chenyewe, kisha mwalimu, kisha kunyoosha mkono. Darasa linatulia, nasi tunalisifu kwa nidhamu, kumbe watoto wale hawajaribu tena kanuni yoyote.

Ninachopendekeza kwa mtoto anayeingia darasa la awali akiwa na Kisukuma au Kimakonde tu ni hiki. Aruhusiwe kujibu kwa lugha yake, na mwalimu alirudie jibu lake kwa Kiswahili kama bibi anavyofanya. Mwalimu asiyeijua lugha ya nyumbani amketishe mtoto huyo karibu na mwenzake anayezijua zote mbili, na amwalike mzazi mmoja aje kusimulia hadithi. Mtoto asipotamka neno la Kiswahili kwa wiki kadhaa, asihesabiwe kuwa mzito. Mwalimu amtume vitu: "Niletee kikombe," "Funga mlango." Akileta kikombe, lugha imeshaanza kuingia.