Fundi wa Umeme na Nyumba Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mukumu)



Tangu mwaka 2015 mpango wa serikali wa kusambaza umeme umezifikia nyumba nyingi za mashambani. Ni jambo jema. Lakini kwa kawaida kazi ya shirika la umeme huishia kwenye mita; nyaya za ndani ni juu ya mwenye nyumba na fundi wake.

Fundi mwema huanza kabla ya lipu. Hulaza mabomba ukutani, akapitisha nyaya: milimita mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Waya mwembamba ukitwishwa mzigo mzito hupata moto, nao moto huo hujificha hata dari iwake. Kisha huzika fito ya shaba ardhini, ili umeme uliopotoka upate pa kushukia, fyuzi ikatike, mtu apone. Volti 240 hazina huruma. Mwisho hupima kila njia kwa vyombo kabla ya kuwasha taa.

Wako wanaomwita asiye na leseni kwa kuwa bei yake ni ndogo. Rahisi huwa ghali, ndugu zangu. Sheria yataka fundi awe na leseni ya EPRA. Mwombeni awaonyeshe, fundi wa kweli hatachukia.

Na vijana wetu wenye mikono myepesi wafanye mtihani wa ufundi wa NITA. Naomba chama kiwasaidie ada yake, maana fundi mmoja aliyehitimu hulinda nyumba nyingi.